Programu yako ya C isiamini folda, iulize kerneli

Vijana wanaojifunza C hapa Lamu huniuliza sana, utajuaje ndani ya programu kwamba flashi au diski ya nje imemauntiwa, na wengi wanakuja tayari na jibu lao: naangalia kama folda ipo. Sasa hapo ndipo balaa linapoanzia, manake folda inakuwepo diski iwepo isiwepo. Kumaunti ni kuweka mfumo wa faili juu ya folda ambayo tayari ipo, diski ikitoka folda inabaki pale pale, tupu, na inakubali kuandikwa kama kawaida.

Niliitwa gesti moja Shela, kamera zao zilikuwa zinarekodi kwenye diski ya nje kupitia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), na jamaa aliyewafungia akaandika programu inayoangalia folda tu basi. Stima ikakatika usiku, iliporudi mashine ikawaka lakini diski haikushika (hewa yetu ya chumvi inakula pini za USB vibaya sana, ukichomoa waya unaona kutu ya kijani), basi programu ikaendelea kurekodi bila wasiwasi ndani ya kadi ya memori yenyewe yenye mfumo mzima, mpaka kadi ikajaa na kila kitu kikagoma. Mwenye gesti ananiambia ati diski imejaa, nikaichomeka kwenye laptopu yangu, kumbe ina nafasi tele.

Njia ya sawa kwenye Linux ni kusoma orodha ya maunti ya kerneli yenyewe (kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi), iko /proc/self/mounts. Utaona mafunzo ya zamani yanakwambia soma /etc/mtab, hilo zamani lilikuwa faili la kawaida linaloandikwa na amri ya mount, kwa hivyo lingeweza kusema uongo, siku hizi kwenye mifumo mingi ni kiungo tu kinachokurudisha huko huko /proc. Nenda moja kwa moja. Na ile self ina maana yake, kila prosesi (programu inayoendeshwa) inaweza kuwa na orodha yake ya maunti, ndio maana programu iliyo ndani ya kontena haioni unachokiona wewe kwenye teminali.

Usilichambue faili hilo kwa mkono na sscanf, tafadhali. Glibc, maktaba ya C ya Linux, ina kazi hiyo tayari, ndani ya mntent.h:

    FILE *f = setmntent("/proc/self/mounts", "r");
    struct mntent *m;
    int hali = 0;   /* 0 haipo, 1 ipo, 2 ya kusoma tu */

    if (f == NULL) {
        perror("setmntent");
        return -1;
    }
    while ((m = getmntent(f)) != NULL) {
        if (strcmp(m->mnt_dir, "/mnt/kamera") == 0)
            hali = hasmntopt(m, "ro") ? 2 : 1;
    }
    endmntent(f);

Ona sijaweka break nikishaipata. Folda moja inaweza kumauntiwa mara mbili, moja juu ya nyingine, na iliyokuja mwisho ndiyo unayoiona, kwa hivyo wacha lupu ifike mwisho.

Kwa nini nakataza sscanf? Chukua flashi ya mpiga video wa harusi, ameipa jina HARUSI YA DADA. Kwenye faili la kerneli nafasi kati ya maneno haiandikwi kama nafasi, inaandikwa \040, kwa hivyo utakuta HARUSI\040YA\040DADA, ukilinganisha na jina halisi halifanani kabisa na utakesha ukitafuta kosa. getmntent inakurudishia jina safi bila wewe kufanya lolote. Na hiyo hasmntopt, inayotafuta chaguo la ro yaani kusoma tu, pia usiibadilishe na strstr, manake ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux) mara nyingi inakuwa na chaguo za namna hii: rw,relatime,errors=remount-ro. Tafuta "ro" humo kwa strstr, itakamata ndani ya neno errors, na programu yako itatangaza diski haiandikiki wakati ni nzima.

Lingine, pointa unayopewa na getmntent inaelekea kwenye bafa moja tu, ukiiita tena ya kwanza imefutwa. Ukitaka kuweka majina yanakili kwa strdup, na kama una thredi tumia getmntent_r.

Nafasi iliyobaki haipo kwenye orodha hiyo, unaiomba kwa statvfs. Lakini angalia, statvfs ukiipa folda ambayo diski yake haipo haitoi kosa lolote, inakupa hesabu ya mfumo wa faili ulio chini yake, yaani ile kadi. Kwa hivyo hakikisha maunti kwanza, statvfs baadaye. Halafu zidisha f_bavail kwa f_frsize, wengi wanatumia f_bfree na f_bsize halafu wanashangaa. f_bfree inahesabu mpaka ile akiba ya root (msimamizi mkuu wa mashine), ambayo ext4 huweka 5% usipobadilisha. Na kwenye mashine za biti 32 geuza namba moja iwe unsigned long long kabla ya kuzidisha, la sivyo ikifika GB 4 inaanza upya kutoka sifuri.

Kama una folda za NFS, zile zinazotoka kwenye seva kupitia mtandao, kaa chonjo, seva ikipotea statvfs inaweza kuganda pale na programu nzima nayo. Mimi naangalia mnt_type, nikiona nfs au nfs4 naipisha au naiweka kwenye prosesi ya pembeni.

Kuna atakayesema, je diski ikichomoka baada ya kuangalia na kabla ya kuandika? Swali zuri. Dawa ninayoipenda haiko hata kwenye C: toa diski, halafu kwenye ile folda tupu piga chattr +i, amri ya kuifunga isibadilishwe, ukiwa root. Kuanzia hapo hata root haandiki humo mpaka diski irudi juu yake, na programu inapata kosa la wazi badala ya kujaza kadi kimya kimya. Gesti niliifanyia hivyo kabla hata sijagusa msimbo wa programu.

Na usiweke lupu ya kusoma orodha kila sekunde. Fungua /proc/self/mounts, iweke kwenye poll (mwito wa kusubiri tukio) na POLLERR na POLLPRI, kerneli itakuamsha kitu kikimauntiwa au kikitolewa, ndipo usome upya. Wenye Mac haya yote ya mntent hamna, nyinyi angalieni getmntinfo.