Muulize Mjomba: Nimetoroka kambini

Shikamoo mjomba. Nina miaka 20, kwetu Ipinda, Kyela. Timu ya nyumbani nilikuwa winga wa kulia, kila mtu ananijua. Julai nikasaini miaka miwili na timu moja ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, huko juu kwenye baridi. Hadi leo nimecheza dakika 23, mechi moja. Kocha kanihamishia beki ya kulia, eti nina mapafu lakini sina jicho la goli. Halafu mazoezi ya alfajiri yakanivuta msuli wa nyuma ya paja. Mshahara wa mwezi uliopita sijapata. Niliaga naenda msibani, hii wiki ya tatu nipo nyumbani nacheza ndondo, mechi za mtaani. Juzi nimepewa elfu ishirini. Mama anajua niko likizo. Nivunje mkataba nitafute timu nyingine?
Winga wa Ipinda

Marahaba, mpwa wangu. Hiyo elfu ishirini ndiyo iliyonitisha, msuli nitaurudia.

Mwenye mkataba akicheza ndondo bila ruhusa anawapa viongozi kalamu ya kumwandikia barua. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuandikiwa. Nilikuwa beki wa kushoto, nimehamia timu mpya, napigwa benchi wiki baada ya wiki. Nikafungasha begi usiku nikapanda lori la viazi pale Uyole, siku ya tatu niko nyumbani najiona mjanja. Dirisha la usajili lilipofunguliwa timu nyingine ikanitaka, ile ya zamani ikagoma kutoa barua ya kuniachia. Msimu mzima nilibeba magunia. Goti zima, mapafu mazima, karatasi hakuna.

Kuhusu mshahara: kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba akidai mishahara ya miezi miwili, tena baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 ilipe. Wewe unadai mmoja, hujaandika hata mstari, na mtoro ni wewe. Wakikushtaki TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, utajibu nini? Msiba wa nani?

Kuna jambo jingine vijana wengi hawalijui. Kwa msimu mmoja unaweza kusajiliwa timu tatu, lakini mechi za mashindano unachezea mbili tu. Zile dakika 23 zimeshakula nafasi moja. Ukikurupukia timu yoyote dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, na huko nako ukakalia benchi baada ya mechi moja, basi hadi msimu ujao. Kwa hiyo ukiomba mkopo, na kuomba si dhambi, omba kwa maandishi, na ujue kwanza huko unakokwenda nani anacheza namba yako.

Sasa huo msuli. Kyela iko kando ya ziwa, mita kama 500 toka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama 1,700. Umepanda Julai, baridi inauma hadi meno, ukaanza kukimbia kwa kasi saa kumi na mbili asubuhi na bukta yako ya Ipinda. Msuli ungeacha kuvutika kwa lipi? Vaa suruali ya mazoezi, pasha dakika 20, mbio za kasi ziwe za mwisho. Na ndondo za wiki hizi, juu ya msuli ambao haujapona, unajichana mwenyewe mpwa. Nenda hospitali, upate cheti, hicho utakihitaji.

Beki ya kulia unaiona adhabu. Antonio Valencia alifika Manchester United 2009 akiwa winga, akaja kurudishwa beki ya kulia na akavaa kitambaa cha unahodha. Tulimwona wote vibanda umiza. Kocha aliyekuchoka hakutafutii namba, anakuacha jukwaani.

Kesho mpigie meneja wa timu, sema ukweli wote, na msiba uukane mwenyewe kabla hawajauliza. Mama naye aambiwe leo, jikoni, si kwa simu ukiwa Tukuyu. Watakukata posho, vumilia. Beba sweta, na kilo mbili za mchele wa Kyela kwa mtunza vifaa. Usicheke. Mimi mechi yangu ya kwanza niliambiwa na mtunza vifaa, aliponitupia jezi ijumaa jioni, kabla kocha hajafungua mdomo.