Maswali na Majibu: Magonjwa ya Kingamwili na Kichwa Kizito

Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Naanza kusema jambo, neno linapotea katikati. Mume wangu anasema sitaki tu kufikiri. Ni kweli?

Si kweli, dada. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliorodhesha matatizo 19 ya ubongo, mishipa ya fahamu na akili yanayoletwa na lupasi. Kupungua kwa uwezo wa kufikiri na kukumbuka kumo. Wagonjwa wengine wana kingamwili zinazogandisha damu, na vibonge vidogo huziba mishipa myembamba ya ubongo. Mumeo aandamane nawe kliniki, asikie mwenyewe.

Picha ya ubongo imetoka safi. Nisifuatilie tena?

Fuatilia. Picha huonyesha umbo la ubongo, haipimi kasi ya kufikiri. Hata yale maswali mafupi ya kliniki, leo tarehe ngapi na kadhalika, mtu huyajibu vizuri huku kazini anashindwa. Omba vipimo kamili vya kumbukumbu na umakini kwa mwanasaikolojia.

Je, dawa zenyewe zinaweza kuwa chanzo?

Zinaweza. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga na uvimbe, hasa kwa dozi kubwa, huvuruga usingizi, hisia na kumbukumbu. Lakini usiiache ghafla! Ukiitumia muda mrefu mwili hupunguza kutengeneza homoni yake, na kuikatiza kunaweza kuhatarisha maisha. Mweleze daktari pia kuhusu amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) na dawa za mzio zinazoleta usingizi, maana nazo huzubaisha.

Kisha yasakwe yanayotibika: upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea, uhaba wa vitamini B12, sonona, usingizi mbovu. Tezi na B12 msizipuuze, kwa kuwa mwenye ugonjwa mmoja wa kingamwili huwa rahisi kupata wa pili, na kinga hiyohiyo huweza kushambulia tezi au kuzuia B12 isifyonzwe tumboni. Kipimo cha damu tu kinatosha kuanzia. Inaniuma sana mgonjwa anapoambiwa "zoea" kabla hajapimwa hivi.

Nimwambie bosi?

Ukimwamini, ndiyo. Omba mambo mahususi: maagizo kwa maandishi, kazi moja kwa wakati, na ile ngumu uifanye saa ambazo akili yako iko macho.

Lini ni dharura?

Kuchanganyikiwa ghafla, degedege, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au homa kwa anayetumia dawa za kushusha kinga. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje siku ya kliniki.