Mbona Ziwa Viktoria halifuriki?

SWALI: Kagera, Mara, Nzoia na mito mingine mingi inaingia Ziwa Viktoria, lakini unaotoka ni Nile peke yake, pale Jinja. Mbona halijai likamwagika?

JIBU: Mito inapewa sifa isiyo yake. Takriban asilimia 80 ya maji ya ziwa hili ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mito yote, Kagera ikiongoza, huleta sehemu iliyobaki. Na njia kuu ya kutokea si Jinja, ni angani: jua na upepo huondoa maji mengi kuliko Nile, kwa mbali. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, hivyo milimita moja tu ikigeuka mvuke, zimeondoka mita za ujazo milioni 68 na ushei.

Kufurika, hata hivyo, hufurika. Kati ya 1961 na 1964 kina kilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 maji yaliingia majumbani na kwenye mialo. Wengi hulaumu bwawa la Jinja, lililoanza kazi 1954. Lakini piga hesabu: malango yakitoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kina hushuka milimita 1.3 tu kwa siku. Mvua moja kubwa huirudisha.