Maswali ya Wasomaji: Mlima katikati ya jiji, mbona na sisi Dodoma tunayo?

SWALI: Mbukwenyi mhariri! Mdogo wangu yuko Seoul, Korea Kusini, kimasomo na mwezi wa kumi naenda kumsalimia. Kanitumia picha za mlima uko katikati kabisa ya mji, miti imejaa na mnara juu, anasema unaitwa Namsan. Mimi umri umeenda na magoti yananisumbua, je ntaweza kupanda? Halafu mbona sisi vilima vipo kila upande na hatuna hata pa kukaa kivulini? – Mama Neema, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Mbukwa mama. Utapanda, wala usiogope. Namsan una mita kama 270 tu toka usawa wa bahari wakati Dodoma yetu imekaa mita 1,100 na zaidi, yani hapo Kikuyu unapoanika nguo ushakipita kile kilele karibu mara nne, kwahiyo pumzi haitakusumbua. Kinachouma magoti ni ngazi, na huna haja nazo. Kuna kebo, yale magari ya kuning'inia kwenye waya, ipo tangu 1962, na kuna mabasi ya jiji yanafika karibu na mnara maana magari binafsi hayaruhusiwi kupanda huko. Ila mimi ningekwambia panda na basi, ukishuka mwambie mdogo wako akupeleke njia ya upande wa kaskazini, ni kama kilomita 3 na ushee, haina mwinuko wa kutisha, gari hakuna baiskeli hakuna, na chini wameweka vigae vya njano vyenye alama za kukanyaga ili hata asiyeona atembee mwenyewe. Hiyo ndo park mama, mnara ni nyongeza. Mwisho wa mwezi wa kumi majani yanaanza kugeuka mekundu na njano, beba sweta zito.

Pale juu tafuta majiko matano ya mawe, marefu kwenda juu. Enzi za wafalme habari za mipakani zilifika Seoul kwa moshi mchana na moto usiku, ukiwaka mmoja nchi salama, ikiwaka mitano ujue vita imeshaanza.

Sasa hilo la pili, na hapa ndo naumia kweli. Watu wanadhani wenzetu wamepewa tu mlima mzuri. Hapana, na wao waliujengea, mwaka 1972 wakaweka maghorofa mawili makubwa ya kukaa wageni toka nchi za nje ubavuni mwa mlima, yakaziba mandhari yote, na mwaka 1994 serikali ikayalipua kwa baruti ili mlima uonekane tena, leo pale ni bustani ya mimea. Fikiria gharama ya kujenga halafu ulipe tena kubomoa! Sisi bado hatujafika huko lakini tangu serikali ihamie huku nyumba zinapanda vilima kwa kasi, angalia Mlimwa angalia Itega, na juu kwenye mawe miti inaisha kwa kuni na mbuzi. Mvua yetu ni ya miezi michache tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, kwahiyo mche ukipandwa mwezi wa sita kwa ajili ya kupigwa picha unakufa tu, upandwe mvua za kwanza zikishika na iwe miti inayolijua jua la Ugogo, mkwaju, mgunga, mbuyu, na mbuzi wazuiliwe angalau miaka ya mwanzo.

Ukirudi safari mama, nenda na majirani ofisi ya ardhi ya jiji mkaombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, muulize kilima kimeandikwa eneo la wazi au viwanja. Kama ni eneo la wazi, muulize bikoni zake, yale mawe ya kuonyesha mipaka, ziko wapi na mkaombe mwenyekiti wa mtaa aende nanyi kuziona kwa macho, moja moja.