Dig imo kwenye pakiti gani?

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina duka la vifaa vya shule na fotokopi hapa Ngamiani, Tanga, na kompyuta yangu ina Linux ya Debian 12. Tovuti moja ya fomu hainifungukii, nyingine zote zinafunguka. Jirani akaniambia niiulize DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani, kwa amri ya dig. Nikiandika dig, naambiwa amri haipo. Nikaandika apt install dig, naambiwa pakiti haionekani. Hata nslookup hakuna! Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dig haiuzwi peke yake. Ni kama karafuu ndani ya pakiti ya bizari ya pilau: jina lililoandikwa nje si lake. Andika:

sudo apt update
sudo apt install bind9-dnsutils

Hapo unapata dig na nslookup, na host huja nazo. Kwenye Debian za kabla ya 11 pakiti iliitwa dnsutils tu. Shemeji yako akiwa na Linux nyingine, ya Fedora, yake ni bind-utils, ya Alpine, bind-tools. Neno bind linajirudia kwa sababu zana hizi zimetoka kwenye BIND, programu ya seva za DNS.

Shukuru kwamba tovuti nyingine zinafunguka. Mimi niliwahi kuitwa Raskazone kwenye mashine ambayo DNS ilikuwa imekufa kabisa. Nataka dig nichunguze DNS, na apt nayo inataka DNS ili iniletee dig! Ping 1.1.1.1, DNS ya umma ya Cloudflare, ikajibu, lakini deb.debian.org, ghala la pakiti za apt, haijulikani. Nikafungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja DNS ya kuulizwa, nikaandika nameserver 1.1.1.1, apt ikatembea. Dig ilipofika, ugonjwa nilikuwa nimeshaujua. Chai yangu ilikuwa imepoa zamani.

Ukishasakinisha, weka jina la tovuti yako mahali pa hili la mfano:

dig example.com +short
dig @1.1.1.1 example.com +short

Ya kwanza inauliza DNS unayoitumia kila siku, mara nyingi ile ya ruta. Ya pili inauliza ya nje. Ya kwanza ikinyamaza na ya pili ikitoa namba, mkorofi ni DNS yako. Zote mbili zikitoa namba zilezile, basi majina hayana kosa, kagua kwingine. Nslookup nayo ingefaa, ila mimi dig ndiyo naisoma bila miwani.

Niandikie majibu yaliyotoka. Nakili maandishi yenyewe, usinipigie picha ya skrini kwa simu, imekaa upande.