Antena ya waya kwa redio ya megahezi 433
Ndugu yangu, umeeleza kwamba kihisi cha tangi la maji ulichokifunga shambani, chenye redio ya megahezi 433, hakisikiki hata mita 30, nawe unauliza kama ununue antena ya dukani. Usinunue kwanza. Mawimbi ya redio husafiri takriban mita milioni 300 kwa sekunde. Ukigawanya kwa mitetemo ya redio yako, yaani milioni 433 kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi wa sentimita 69 hivi, na robo yake, ambayo ndiyo antena yenyewe, ni sentimita 17.3.

Chukua waya mgumu wa shaba uliobaki kwenye kebo ya umeme wa nyumba, uulehemu kwenye tundu lenye alama ANT, na ukate sentimita 18 kwanza, kwa kuwa waya uliozidi hupunguzwa kwa koleo lakini uliopungua haurefuki. Wengi husahau nusu ya pili ya antena, yaani ardhi: lehemu waya nne za urefu uo huo kwenye tundu lenye alama GND, kisha uzitandaze kwa kuinamia chini kama miguu ya kigoda. Kipokezi nacho kifanyie vivyo hivyo, antena zote zikisimama wima. Na ikiwa tangi ni la bati, ipandishe antena ya kihisi juu yake, kwani bati huyazuia mawimbi.