Nimshawishije meneja wetu abadili mfumo wa mafaili?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni afisa TEHAMA katika kampuni ya upimaji ardhi. Ramani zetu zote zimo katika seva moja ya Linux inayotumia mfumo wa mafaili (utaratibu wa kupanga na kutunza mafaili kwenye diski) uitwao ext4, yenye diski mbili zinazonakiliana. Mwaka jana tuligundua kwamba ramani kadhaa za zamani hazifunguki, na nakala rudufu nazo zilikuwa zimeharibika vilevile. Nimependekeza tuhamie mfumo mwingine wa mafaili, ZFS, lakini meneja amenijibu kwamba seva inafanya kazi na kwamba hana fedha za majaribio. Nimwambie nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, meneja wako hajakosea kuulizia fedha, na hoja yako yenye nguvu zaidi bado hujaitumia. Usianze na jina la ZFS. Anza na zile ramani. Mteja akirudi kudai kazi aliyokwisha kuilipia, kulipima upya eneo lake kutagharimu siku ngapi za wapimaji, mafuta kiasi gani na posho kiasi gani? Iandike hesabu hiyo kwa shilingi, kwa bei zenu wenyewe, na uiweke mwanzoni mwa andiko lako.

Kisha mweleze kwa nini hasara ile haikuonekana mapema. Mfumo wa ext4 hutunza kumbukumbu ya mabadiliko inayouwezesha kusimama tena baada ya umeme kukatika, lakini hauhakiki yaliyomo ndani ya faili; diski ikirudisha data yenye kasoro bila kutoa taarifa ya hitilafu, mfumo huipokea kama ilivyo, na nakala rudufu ya usiku huo huibeba kasoro hiyo hiyo. Diski mbili zinazonakiliana hazitoshi, kwa kuwa zikitofautiana hakuna kinachoonyesha ipi ndiyo sahihi. ZFS, iliyobuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005, hukipa kila kipande cha data alama ya uhakiki inayotunzwa mbali na kipande chenyewe. Kipande kinaposomwa, alama hukokotolewa upya, na isipolingana, mfumo huchukua kipande kizima kutoka diski ya pili na kuirekebisha diski ya kwanza. Unaweza pia kuuagiza upekue diski zote kila mwezi, ili kasoro igunduliwe hata katika faili ambalo hakuna aliyeligusa kwa miaka kumi. Kwa ofisi inayoishi kwa kumbukumbu za ardhi, naamini hoja hii peke yake inatosha.

Badala ya kumwomba bajeti, mwombe kompyuta ya zamani yenye diski mbili. OpenZFS, yaani toleo huria la ZFS, haina ada ya leseni, na tangu mwaka 2016 Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, imekuwa ikiiweka miongoni mwa programu zake. Weka humo nakala ya kazi zenu, chukua taswira ya hali ya mafaili ilivyo wakati huo, kisha mwombe meneja mwenyewe afute folda nzima, nawe uirejeshe mbele ya macho yake. Mhakikishie pia kwamba kompyuta za Windows za wafanyakazi hazitaguswa, kwani wataendelea kufungua folda ile ile ya pamoja.

Usimfiche gharama. Diski za ext4 hazigeuzwi kuwa za ZFS zikiwa na data ndani yake, kwa hiyo mtanunua diski nyingine na kuhamishia kila kitu huko. Kumbukumbu ya RAM huenda ikahitaji kuongezwa. Na lazima mwenzako mmoja afundishwe, kwa sababu meneja ana haki ya kuuliza nani atashughulikia seva ukiwa likizo. Mwambie waziwazi kwamba taswira hizo si nakala rudufu: seva ikiibwa au ikiungua, zitapotea nayo, hivyo nakala katika jengo jingine bado ni ya lazima.

Akikubali, hamisheni mwishoni mwa juma, mlinganishe mafaili ya pande zote mbili, na diski za zamani msizifute hadi ukaguzi wa mwezi wa kwanza utakapomalizika bila kasoro.